Louis Pasteur: Mfaransa aliyeitia hamira adabu

Msomaji akinunua pakiti ya maziwa dukani, akaigeuza na kusoma maandishi yake madogo, aghalabu ataona neno refu la Kizungu linaloarifu kwamba maziwa hayo yamepashwa moto na kuuliwa vijidudu. Neno hilo limezaliwa na jina la mtu. Mtu mwenyewe ni Louis Pasteur, Mfaransa aliyefariki mwaka wa 1895. Wengi wetu tulimsikia shuleni kuwa ndiye bwana wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Lakini mimi leo sitaki kuanza na mbwa. Nataka kuanza na pipa la pombe, kwa sababu pipani ndimo alimojifunza mambo aliyokuja kuyatumia kuwaokoa watu.

Wenzangu wa Pwani wanaoujua mnazi watanielewa upesi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akateremka na kibuyu cha tembo. Tembo likiwa bichi ni tamu kama maji ya sukari. Baada ya saa chache limechangamka na kutoa povu. Kesho yake ni kali. Nalo likiachwa siku kadhaa huwa siki ya kutilia kachumbari. Hakuna mtu aliyetia kitu. Mgema ajua pia kwamba kibuyu chenye tembo linalochacha hakizibwi kikakazwa, kwani kitapasuka. Haya yote wazee wetu waliyajua kwa macho na kwa pua. Jambo ambalo wao hawakulijua, wala Wazungu hawakulijua, ni nani hasa anayefanya kazi mle ndani. Swali hilo lilimshughulisha Pasteur kwa miaka ishirini.

MTOTO WA FUNDI WA NGOZI

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari katika jeshi la Napoleon, na vita vilipokwisha akashika kazi ya kutengeneza ngozi. Baadaye jamaa ilihamia Arbois, mji uliozungukwa na mashamba ya mizabibu, na huko ndiko Louis alikokulia, baina ya harufu ya ngozi na harufu ya mvinyo.

Utotoni hakuwa nyota ya shule. Alipenda kuchora, na picha alizowachora wazazi wake zingalipo mpaka leo. Alipopelekwa Paris kusoma mwaka wa 1838, alishikwa na hamu ya kwao hata ikabidi arudishwe nyumbani. Mwaka wa 1842 alipofanya mtihani wa sayansi mjini Dijon, alama yake ya kemia ilikuwa ya kadiri tu. Nawatajia haya vijana wetu wanaokata tamaa kila matokeo ya mitihani yatangazwapo. Bwana huyo wa alama ya kadiri aliingia chuo kikubwa cha École Normale, Paris, mwaka wa 1843, na ilipofika 1848, hajatimiza miaka ishirini na sita, alikuwa amevumbua jambo lililowashangaza wakuu wa kemia. Alizichambua fuwele za chumvi itokanayo na mashapo ya mvinyo, moja moja, akaonyesha kuwa ni za aina mbili zinazofanana na kutofautiana kama mkono wa kulia na mkono wa kushoto.

Mwaka wa 1849, akiwa mwalimu wa chuo kikuu huko Strasbourg, alimwoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa elimu wa jimbo lile. Bibi huyu alimsaidia mumewe maisha yake yote, akiandika aliyoyasema mumewe usiku na kuyanakili kwa mwandiko safi. Watu humsahau, nami naona si haki kumpita bila kumtaja.

MAPIPA YALIYOHARIBIKA LILLE

Mwaka wa 1854 Pasteur alihamishiwa Lille, mji wa viwanda, awe mkuu wa kitivo cha sayansi. Mnamo 1856 alifikiwa na mwenye kiwanda mmoja, Bwana Bigo, ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi pale. Bwana Bigo alikuwa akitengeneza spiriti kwa maji ya viazisukari, lakini baadhi ya mapipa yake yalikuwa yakigeuka uchungu na kutoa harufu mbaya, na hasara ilikuwa kubwa.

Pasteur hakukaa ofisini akatuma barua. Alikwenda kiwandani mwenyewe, akateka maji ya mapipa mazuri na maji ya mapipa mabaya, akayatazama kwa hadubini. Katika mapipa mazuri aliona vitu vidogo vya mviringo vikichipuza na kuzaana: hamira. Katika yale mabaya aliona vitu vingine, vyembamba kama vijiti, navyo ndivyo viletavyo asidi ile ile igandishayo maziwa.

Msomaji wa leo aweza kusema hilo ni jambo dogo. Halikuwa dogo hata kidogo. Ni kweli kwamba mwaka wa 1837 wataalamu wawili, Cagniard de la Tour wa Ufaransa na Theodor Schwann wa Ujerumani, kila mmoja kwake, walikwisha kusema kuwa hamira ni kitu chenye uhai. Walifanyiwa mzaha. Bingwa wa kemia wa zama hizo, Mjerumani Justus von Liebig, alishikilia kwamba kuchacha ni kuoza tu, na kwamba hamira huivunja sukari kwa sababu yenyewe inaoza. Kumbishia Liebig wakati ule kulikuwa kama mwanafunzi kumbishia mwalimu mkuu mbele ya shule nzima.

Pasteur alibisha. Kuanzia 1857 alitoa makala moja baada ya nyingine. Alichukua maji safi, akatia sukari, chumvi chache, na hamira kiasi cha kichwa cha pini. Hamira ile haikuoza, bali ilizaana na kuongezeka huku sukari ikigeuka pombe. Kitu kinachooza hakizai. Basi, akasema, kila aina ya kuchacha ina kijidudu chake: wa pombe ni mwingine, wa maziwa ni mwingine, wa siki ni mwingine. Mwenye kutaka pombe nzuri sharti ajue ni nani amemkaribisha pipani.

NGUVU ZA HAMIRA NA DAWA YAKE

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwani bila kuelewa kinachotendeka ndani ya pipa hatafahamu kwa nini watengenezaji bia walimhitaji mtu huyu.

Bia hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Kimea hulowekwa katika maji ya moto hadi wanga wake ugeuke sukari, maji yale matamu huchujwa, yakachemshwa pamoja na maua machungu ya mmea uitwao hopi, kisha yakapozwa na kutiwa hamira. Saa za kwanza huwa kimya. Halafu ghafula kazi huanza: povu hupanda, maji huzunguka kana kwamba yako mekoni, na pipa hutoa sauti. Sukari inavunjwa, karibu nusu yake ikawa pombe, na karibu nusu nyingine ikawa gesi ya kaboni dayoksaidi. Kilo moja ya sukari hutoa zaidi ya lita 200 za gesi. Ndipo tuone kwa nini kibuyu kilichozibwa hupasuka, na kwa nini kuingia ndani ya tangi la bia au kushuka katika chumba cha chini kisicho na dirisha kumewaua watu: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, wala haina rangi.

Kitu cha tatu kinachotoka ni joto, na hapo ndipo penye hatari ya bia yenyewe. Hamira ikifanya kazi hupasha maji. Maji yakipata joto hamira huzidi kasi. Ikizidi kasi joto huongezeka tena. Isipozuiwa, bia hutoka na ladha kali na harufu isiyopendeza, na hamira yenyewe huchoka kabla ya kuimaliza sukari. Na vile vijiti viletavyo uchachu hupenda joto. Mwenye pipa anayefurahia kuona povu likimwagika na kuliacha lijiendee huwa kama yule mgema aliyesifiwa: mwisho wake tembo huharibika.

Kwa hivyo watengenezaji bia wa Ujerumani na nchi jirani walikuwa na hila zao. Walitumia aina ya hamira inayozama chini na kufanya kazi polepole katika baridi, chini ya digrii 10, kwa siku nyingi. Ili kutunza baridi hiyo walikata barafu wakati wa kipupwe na kuihifadhi maghalani, kisha wakaelekeza juu ya bia vyombo vya madini vilivyojazwa barafu, vikawa vikiogelea humo. Waingereza walitumia hamira ya kupanda juu, kwenye joto la digrii 15 hadi 20, nayo humaliza kazi yake kwa siku chache. Wao waliyaachia mapipa tundu ili povu la hamira litoke lenyewe na kukingwa pembeni. Hizo zote zilikuwa busara za mikono. Sababu zake hakuna aliyezijua.

Pasteur ndiye aliyezieleza sababu. Mwaka wa 1861 alionyesha jambo ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake: hamira ikipewa hewa nyingi, hunenepa na kuzaana sana, lakini kila gramu yake huvunja sukari kidogo, ikinyimwa hewa, haizaani sana, bali huvunja sukari nyingi ili ipate kuishi. Basi mwenye pipa ana hatamu mbili mkononi. Mwanzoni huipa hamira hewa ili jeshi lake liwe kubwa na liwatangulie wageni wabaya. Baadaye huifungia hewa ili ifanye pombe. Baridi ni hatamu ya kupunguza mbio.

MISIBA NA VITA

Msomaji asidhani kwamba mtu huyu alikuwa akiishi maisha ya raha na chupa zake. Mwaka wa 1859 bintiye Jeanne alikufa kwa homa ya matumbo. Mwaka wa 1865 alimzika baba yake, na mwaka ule ule akamzika Camille, mtoto wa miaka miwili. Mwaka wa 1866 Cécile, wa miaka kumi na miwili, naye akaondoka kwa homa ya matumbo. Kati ya watoto watano wakabaki wawili. Tarehe 19 Oktoba 1868, akiwa na miaka arobaini na mitano, alipatwa na kiharusi kilichoulemaza upande wake wa kushoto. Tangu siku hiyo aliyafanya majaribio mengi kwa mikono ya wasaidizi wake. Ninapofikiri juu ya miaka hiyo naona kwamba shauku yake ya kuwajua vijidudu haikuwa ya kitaaluma tu. Aliyevijua vijidudu vya pipa alikwisha kuanza kujiuliza juu ya vijidudu vya kitandani mwa mgonjwa.

Kisha vikaja vita. Mwaka wa 1870 Ufaransa ilipigana na Prussia ikashindwa vibaya. Mwanawe, Jean-Baptiste, alikuwa askari, na mapema mwaka wa 1871 Pasteur na mkewe walisafiri katika theluji kumtafuta miongoni mwa majeshi yaliyokuwa yakirudi nyuma, hata wakampata akiwa mgonjwa. Kwa hasira, Pasteur alikirudishia Chuo Kikuu cha Bonn shahada ya heshima kiliyokuwa kimempa mwaka wa 1868.

Ndipo akaamua kulipiza kisasi kwa njia yake. Bia ya Ujerumani ndiyo iliyosifiwa. Yeye angewapa Wafaransa bia iliyo bora. Mwaka wa 1871 alifanya kazi katika kiwanda kidogo huko Chamalières, karibu na Clermont-Ferrand, na mwezi wa Juni akachukua hati ya haki ya uvumbuzi. Bia itakayotengenezwa kwa njia yake alitaka iitwe Bia ya Kisasi cha Taifa. Na jambo la ajabu ni kwamba, kwa mujibu wa waliofanya kazi naye, yeye mwenyewe hakuwa mpenzi wa bia.

Njia yake ilikuwa hii. Maji matamu hupozwa ndani ya chombo kilichofunikwa, yasiguswe na vumbi. Hewa inayoingia huchujwa kwanza. Hamira inayotiwa ni safi, isiyo na wageni. Na gesi hutoka kwa mrija uliopindwa, hivi kwamba kilicho ndani chaweza kutoka lakini kilicho nje hakiwezi kuingia. Katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako watu wengi hujitengenezea bia nyumbani, mpango ni huo huo hadi sasa: mrija unaotoka katika kifuniko na kuishia ndani ya chupa ya maji, nafasi ya kutosha juu ya bia kwa ajili ya povu, na kipimajoto ubavuni.

Septemba 1871 alikwenda London, akakitembelea kiwanda kikubwa cha Whitbread. Mkwewe, René Vallery-Radot, aliyeandika habari za maisha yake, asimulia kwamba Pasteur aliomba hamira kidogo, akaitazama kwa hadubini, akawaambia wakubwa wa kiwanda kuwa bia yao lazima ina kasoro. Kwanza walisitasita, kisha wakakiri. Aliporudi baada ya wiki moja, alikuta wamenunua hadubini yao na kubadili hamira.

KISASI KILIKOKWENDA

Kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka wa 1876, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata 1879. Je, Ufaransa ilipata kisasi chake? Hapana. Chombo chake hakikuenea kama alivyotumaini, na Bia ya Kisasi haikuwatisha Wajerumani. Tena, katika miaka hiyo hiyo ya 1870 Mjerumani Carl von Linde alikuwa akiwatengenezea wenye viwanda vya Munich mashine za baridi, ili barafu ya kipupwe isihitajiwe tena.

Mafunzo yake yalishikwa zaidi mahali pengine. Mjini Copenhagen, J.C. Jacobsen, mwenye kiwanda cha Carlsberg, alianzisha maabara mwaka wa 1875, na alimheshimu Pasteur hata akaagiza sanamu ya kichwa chake ichongwe. Mwaka wa 1883 mtaalamu wa maabara hiyo, Emil Christian Hansen, alionyesha kwamba Pasteur hakuwa amemaliza kazi. Bia huharibiwa na vijiti, naam, lakini huharibiwa pia na hamira za mwituni zinazofanana kwa sura na ile nzuri. Hansen aliichukua hamira moja peke yake, akaikuza mpaka ikajaza pipa. Jacobsen hakuificha siri hiyo, aliwagawia wenzake.

Liebig naye alifariki mwaka wa 1873 bila kukubali kushindwa. Na mwaka wa 1897, miaka miwili baada ya Pasteur kuzikwa, Mjerumani Eduard Buchner aliisaga hamira, akakamua maji yake, na maji yale yasiyo na chembe hai hata moja yakaichachisha sukari. Kwa hiyo kemia ilikuwa na fungu lake la ukweli. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1907. Mimi siioni habari hii kuwa aibu kwa Pasteur. Alipigana na wakubwa akashinda sehemu kubwa, na sehemu iliyobaki ikasahihishwa na waliosimama juu ya kazi yake.

Pengine aibu imo kwingine. Mwaka wa 1881, huko Pouilly-le-Fort, aliwachanja kondoo dhidi ya kimeta mbele ya umati, akasifiwa dunia nzima. Daftari zake, ambazo mjukuu wake alizitoa kwa Maktaba ya Taifa mwaka wa 1964, zimeonyesha kwamba chanjo aliyoitumia siku ile ilitayarishwa kwa njia ya msaidizi wake Chamberland, si kwa njia yake mwenyewe kama watu walivyodhani. Kondoo walipona kweli. Sifa ndiyo iliyogawanywa vibaya. Nayataja haya kwa kuwa mtu mkubwa hapungukiwi na ukweli wake wote.

Tarehe 6 Julai 1885 ndipo kilipokuja kisa tunachokijua sote: mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, alichanjwa akapona. Michango ikamiminika, na mnamo Novemba 1888 Taasisi ya Pasteur ikafunguliwa mjini Paris. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na mwaka uliofuata mwili wake ukahamishiwa chini ya jengo la taasisi hiyo, uliko hadi leo.

Katika taasisi hiyo hiyo, mwaka wa 1983, ndimo Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao walimogundua kirusi kinacholeta UKIMWI, ugonjwa ambao hapana jamaa katika Kenya isiyoujua. Kazi hiyo haikuanzia hospitali. Ilianzia kwa mwenye kiwanda aliyekuwa akipoteza spiriti yake, na kwa mwalimu aliyekubali kuacha meza yake akaenda kuchungulia mapipa yanayonuka. Bia ya Kisasi cha Taifa hakuna anayeiulizia tena. Lakini ule mrija uliopindwa, utoao gesi na kuzuia vumbi, umekubaliwa na Wajerumani, na Waingereza, na Wadenmarki, na kila mtu anayetaka hamira yake ifanye kazi kwa adabu.